Milima ya Ngong: Usiishie Kwenye Mitambo ya Upepo

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Hayo mavumo mnayoyasikia ni upepo. Huku juu haupumziki, na ndiyo sababu KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wana mitambo yao hapa: miwili ya kwanza iliwekwa 1993, na leo kituo kizima kina uwezo wa megawati 25.5. Ukikaa chini ya mmoja, unasikia mapanga yakikata hewa, vuu, vuu, na kivuli chake kinakupitia usoni kila mara.

Sasa, wengi wakifika hapa wanapiga picha, wanakula mahindi choma, wanageuza. Jamani, hapo Ngong hamjaiona! Fuateni mgongo wa mlima kuelekea kusini hadi Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote, mita 2,460. Hebu niigeuze kamera. Mashariki ndiyo Nairobi ile: maghorofa ya Upper Hill, miti ya Karen, mabati ya Rongai yakimetameta. Nageuka tu hivi, magharibi ardhi inaporomoka yote, Bonde la Ufa hilo, kukavu, rangi ya kahawia, na Mlima Suswa kule mbali. Jiji na bonde, vyote umevipata ukiwa umesimama palepale. Mimi ninayeipenda Nairobi, nasema hakuna mahali pengine inapoonekana vizuri hivi.

Njia yenyewe ni panda-shuka, magoti yatalalamika. Vaeni viatu vyenye meno, maana mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Kivuli ni haba, bebeni maji ya kutosha na koti. Juni hadi Agosti ukungu unaweza kulifunika jiji lote usione kitu. Januari na Februari, asubuhi mapema, ndiyo saa yake.

Na tafadhalini, msipite mitambo peke yenu. Pale getini pa KFS, shirika la misitu la Kenya, ombeni askari wa misitu awasindikize. Hiyo pesa ya kumlipa msiionee uchungu.

Naipa tisa kwa kumi. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya chupa za plastiki zilizotupwa kwenye nyasi wanakolisha ng'ombe. Inaniuma sana. Chupa yako shuka nayo.

Usafiri: matatu 111 kutoka mjini hadi Ngong, kisha boda mpaka getini. Mkimaliza vilele vyote mtatokea Kona Baridi, kwa hiyo pangeni mapema gari la kuwachukua kule.