Gereji ya Mwanakwerekwe na uvundo wa kiyoyozi cha gari

Wakati wa masika, magari mengi ya Unguja hutoa harufu ya uvundo mara tu kiyoyozi kinapowashwa, na sababu yake kwa kawaida ni kuvu na bakteria wanaoota juu ya evapareta, kifaa kilichofichwa nyuma ya dashibodi ambacho hulowa maji kila kinapopoza hewa. Nilipompelekea gari langu lenye harufu hiyo, fundi wa gereji hii ya Mwanakwerekwe hakukimbilia kupulizia manukato, jambo ambalo wengine hulifanya na kulitoza fedha. Kwanza alizibua mpira wa kutolea maji chini ya gari, uliokuwa umeziba kwa vumbi na majani, kisha akapenyeza dawa ya povu hadi kwenye evapareta, akaiacha ifanye kazi, na baadaye akabadilisha filta ya hewa iliyo nyuma ya droo ya dashibodi, ambayo ilikuwa nyeusi kama masizi. Harufu imekwisha. Bei si ndogo, na mahali pa kusubiria hapana kivuli (mchukue mwavuli). Hata hivyo, ushauri wake wa kuzima kiyoyozi na kuiacha feni ikizunguka dakika chache kabla ya kufika mwendako, ili unyevu ukauke, haukutozwa chochote.