Programu za maikroRNA: ipi uilipie, ipi uichukue bure

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili hapa Mwanza kanionyesha kwenye simu ankara ya leseni ya programu ya kutafuta jeni lengwa, yaani jeni zinazobanwa na maikroRNA, vile vipande vifupi vya RNA vinavyopunguza kazi ya jeni. “Kaka, nilipie?” Nikamwambia atulie, tunywe chai kwanza.

Namba moja kwangu ni TargetScan. Ni bure, inafunguka hata kwenye simu. Inachukua mbegu ya maikroRNA, yaani nyukleotidi (herufi za RNA) ya 2 hadi ya 8, inatafuta inapooana na mkia wa mRNA (nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini), kisha inaangalia kama pale pamehifadhiwa, yaani hapajabadilika, kwa wanyama wengine. Alama zake zisome kinyume: inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo jeni inavyotarajiwa kubanwa zaidi. Wengi hupanga jedwali kichwa chini hapo. Kasoro yake ni wingi. Weka let-7, maikroRNA mojawapo, unaletewa jeni zaidi ya elfu moja. Niliwahi kumpelekea msimamizi wangu orodha nzima ya namna hiyo, ilirudi na neno moja pembeni: “Ipi?”

Ndiyo maana ya pili ni miRTarBase. Hii haibashiri, inakusanya yaliyokwisha kupimwa maabara. Soma safu ya ushahidi: jeni iliyopimwa kwa lusiferasi (kimeng'enya kinachotoa mwanga) ina uzito kuliko iliyookotwa kwenye usomaji wa RNA kwa mkupuo.

Ya tatu ni miRDB. Alama ni 50 hadi 100, mimi naanzia 80. Orodha yake ni ya binadamu, panya wa aina mbili, mbwa na kuku, basi.

Sasa wewe unayechunguza sato, au minyoo ya kichocho, ambayo huku ziwani tunayo tele? Chukua miRanda. Unailisha mfuatano wako mwenyewe wa herufi za RNA, na ikishakaa kwenye kompyuta haili bando. Ila inaokota takataka nyingi, na utaandika amri kwa mkono kwenye skrini nyeusi.

Ya kulipia ni IPA ya QIAGEN. Kwenye njia za kibayolojia, yaani jinsi jeni zinavyofanya kazi kwa mnyororo, ina nguvu kweli, lakini sehemu ya jeni lengwa inazokupa inazitoa TargetScan hiyo hiyo. Ilipie kama ruzuku inalipa na data zako ziko tayari mkononi. Siku za leseni zinahesabika hata umeme ukikatika Nyegezi.

Mdogo wangu hakulipa. Kanunua betri mpya ya laptopu.