L'Ennemi intime: Vita vya Algeria Machoni pa Askari wa Ufaransa

Filamu ya L'Ennemi intime, iliyoongozwa na Florent-Emilio Siri na kutolewa mwaka 2007, inatupeleka katika milima ya Kabylie nchini Algeria mwezi Julai 1959, wakati majeshi ya Ufaransa yalipoanza kuwasaka wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria kutoka kwa Ufaransa, kwa nguvu mpya chini ya mpango wa Jenerali Maurice Challe. Luteni Terrien, anayeigizwa na Benoît Magimel, anafika kushika nafasi ya ofisa aliyeuawa usiku kwa risasi za Wafaransa wenzake, baada ya vikosi viwili kudhaniana kuwa ni maadui. Onyesho hilo la ufunguzi linatosha kumweleza mtazamaji kwamba jeshi hili lenye ndege na mizinga halijui hasa linapigana na nani.

Terrien anaamini kwamba inawezekana kupigana bila kuvunja utu wa mtu. Sajini Dougnac, aliyekwisha kupigana Indochina, koloni la Ufaransa huko Asia, na anayeigizwa na Albert Dupontel kwa ustadi mkubwa, ameacha kuamini hivyo zamani. Mswada ni wa Patrick Rotman, ambaye miaka michache kabla alikuwa ametengeneza filamu ya hali halisi kuhusu vita hivyohivyo, na nadhani ndiyo sababu utesaji wa kutumia umeme unaonyeshwa hapa kama sehemu ya kazi za kila siku za kambi, yenye ofisa wake na utaratibu wake, badala ya kufanywa uovu wa mtu mmoja aliyepotoka. Ndege zinapomwaga napalm, yaani mabomu ya moto, juu ya mlima, kisha askari wakapita katikati ya maiti zilizoungua, kamera haiharakishi. Kwa nchi ambayo hadi mwaka 1999 haikuwa imekiri kisheria kwamba ilipigana vita Algeria, huo ni ujasiri unaostahili heshima.

Filamu haifichi wala haipunguzi ukatili wa upande wa pili. Wanakijiji wa Taïda wanauawa kwa umati, na tukio hilo linakumbusha mauaji ya Melouza ya mwaka 1957, ambako wapiganaji wa FLN waliua wanakijiji wapatao 300. Hata hivyo, sehemu iliyonigusa kuliko zote inawahusu Waalgeria waliovaa sare za Ufaransa. Mateka mmoja, aliyewahi kuipigania Ufaransa huko Monte Cassino nchini Italia katika Vita Kuu ya Pili, anawasha sigara ncha zote mbili ili kumwonyesha mwenzake aliye upande wa Wafaransa kwamba moto utamfikia kutoka kila upande. Historia ilithibitisha hofu hiyo: baada ya uhuru wa mwaka 1962 maelfu ya Waalgeria waliokuwa upande wa Wafaransa waliuawa, wengine wakakimbilia Ufaransa na kufungiwa makambini, na ni mwaka 2021 tu ambapo Rais Emmanuel Macron aliwaomba msamaha. Msomaji wa Kenya, anayejua jinsi vita vya Mau Mau vilivyowagawa ndugu wa kijiji kimoja katika miaka hiyohiyo, hatahitaji kufafanuliwa uzito wa onyesho hilo.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Waandishi walikuwa na watu hao mikononi mwao, nao wakawaacha pembeni ili wamrudie tena luteni na dhamiri yake. Slimane, kiongozi wa wapiganaji anayesakwa tangu mwanzo, anabaki jina zaidi kuliko mtu. Wanawake wa Kabylie, ambao katika vita vile walibeba chakula, dawa na habari, hawana hata neno la maana la kusema. Mwalgeria tunamwona akiwa maiti, mateka, msaliti au mtoto wa kuhurumiwa, na ni nadra sana kumsikia akieleza kwa nini ameamua kupigana, ingawa ardhi inayoungua ni yake.

Picha za milima, zilizopigwa Morocco, ni nzuri mno, na muziki wa Alexandre Desplat umetumika kwa kiasi. Naipendekeza kwa watu wazima, hasa wanaofundisha au kusoma historia ya Afrika, mradi waitazame sambamba na kazi zilizotengenezwa na Waalgeria wenyewe. Watoto wasioneshwe.