Asubuhi 71.4, jioni 68.9

Nyota moja. Naiweka juu kabisa asije mtu akasema nilimzungusha. Nikifika chini huenda nikaongeza, huenda nikaifuta hata hii, itategemea hasira imenifikisha wapi.

Ni mwaka jana, au mwishoni mwa mwaka juzi, sikuandika popote. Nilijiunga na mradi wa kujitolea unaotafuta namba tasa kubwa. Jina silitaji. Si GIMPS, ule mkongwe ulioanza 1996. Huu ni mwingine, mdogo, lakini mtindo ni uleule: unapakua programu, inatumia nguvu ya kompyuta ambayo wewe huitumii, seva inakupa namba moja uipime, mashine inaitafuna siku kadhaa, jibu linarudi, unapewa nyingine. Hulipwi. Na jibu ni "si tasa". Litakuwa "si tasa" leo, kesho, keshokutwa na mtondogoo. Kuna watu wamo humo miaka na miaka hawajaambulia hata moja, wala huwasikii wakinung'unika, kwa sababu waliingia wakijua.

Sasa kama hulipwi, na unachokitafuta hukipati, unabaki na nini? Unabaki na ukurasa wa maendeleo. Mstari mmoja tu: namba yako, asilimia uliyofikia, siku ulizobakiwa nazo kabla namba yako haijapewa mtu mwingine. Huo mstari ndio mshahara. Mimi nilikuwa naamka, na kabla sijanawa uso nimeshaufungua. 52.0. Jioni 54.7. Unajisikia kama umefanya jambo, ilhali ulikuwa umelala.

Ndiyo maana siku ile iliniuma. Asubuhi niliondoka mstari ukiwa 71.4. Jioni nikarudi, 68.9.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikaupakia ukurasa upya. 68.9. Nikafungua programu yenyewe kwenye kompyuta, labda seva ndiyo imechanganyikiwa. Nayo ikaniambia hivyohivyo, bila haya.

Kwa asiyejua kazi yenyewe ataona ni jambo dogo, kwa hiyo nieleze kidogo. Namba zetu ni za umbo la k × 2ⁿ + 1, k na n ni namba nzima. Kuipima moja unachukua namba ndogo, unaizidisha kwa yenyewe, unagawanya kwa lile jitu unalolipima na kushika baki, unalizidisha baki kwa lenyewe, unagawanya tena, unashika baki tena, hivyo hivyo mara milioni kadhaa. Kila hatua inakula jibu la hatua iliyotangulia, kwa hiyo huwezi kumwambia mwenzako "anza wewe katikati tukutane mwisho". Na jibu linatoka kwenye hatua ya mwisho peke yake. Ukiwa kwenye asilimia 99 hujui chochote zaidi ya ulichokijua ukiwa sifuri. Kanuni hii ni ya 1878, ya François Proth, mkulima wa Ufaransa aliyejifundisha hesabu mwenyewe. Yeye alikuwa na kalamu na karatasi, na sidhani karatasi yake iliwahi kumfutia kurasa tatu akiwa shambani.

Hesabu ya namna hiyo ina njia moja: mbele. Inaweza kwenda polepole, inaweza kusimama umeme ukikatika, lakini kurudi? Imerudi wapi? Nani kairudisha?

Kesho yake ikapanda mpaka 70.8 asubuhi, mchana ikaanguka tena. Ikawa ni mchezo wa kila siku. Usiku inapanda kama mtu mwenye akili zake, jua likiwaka inashuka. Na pembeni yake kile kihesabio cha siku zilizobaki, hicho hakikurudi nyuma hata mara moja! Tisa. Nane. Sita.

Nikawaandikia wasimamizi. Niliandika kwa heshima zote, "Ndugu wasimamizi, habari za kazi", nikaeleza tarehe, asilimia, nikaambatanisha picha tatu za ukurasa. Nikaomba waangalie seva yao, na kama ikiwezekana waniongezee siku, maana kosa si langu. Nilikuwa nimejaa adabu siku hiyo.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Nalinukuu lote, halichukui nafasi (RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta): "Mashine yako inakosea hesabu. Pima RAM. Imeandikwa kwenye mwongozo."

Kwisha. Hakuna habari, hakuna pole, hakuna hata jina chini. Mashine yangu! Mashine isiyowahi kuganda, inayofungua kila ninachoiambia, leo mtu ambaye hajaiona anaiita haijui hesabu. Mwongozo wenyewe una kurasa nyingi kuliko mkataba wa bima, na mimi nilidhani kujitolea maana yake naalikwa, kumbe naitwa kwenye mtihani.

Tangu hapo hakuna kilichonipendeza. Rangi ya ukurasa, ambayo nilikuwa naiona tulivu, nikaiona ya matope. Herufi ndogo. Orodha ya washiriki ikawa inanikera, hasa wale wa juu wenye mashine kumi kumi. Nikaanza kujiuliza sisi wa kompyuta moja tunafanya nini humu. Oktoba 2024 ilipotangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kutoa 1, yenye tarakimu 41,024,320, aliyeipata, Luke Durant, alitumia kadi za michoro zilizotawanyika kwenye vituo vya data vya nchi 17. Mimi nina kompyuta moja, feni yake inalia, na msimamizi ananiambia nikasome.

Siku zikaisha nikiwa 88 na kitu. Mstari wangu ukafutika. Haukugeuka mwekundu wala haukuandika "umechelewa", ulitoweka tu, kama kiti kilichoondolewa ukiwa umeinuka kusalimia. Namba yangu akapewa mshiriki mwingine, na yeye, sitasahau, aliimaliza chini ya siku mbili.

Mashine yangu iliendelea kwa ubishi mpaka ikafika 100, ikatuma jibu, likapokelewa kama uhakiki. Mhakiki wa namba niliyoanza kuipima mimi! Na kabla hamjauliza: haikuwa tasa. Bila shaka haikuwa tasa. Hiyo si hoja. Ingekuwa tasa je? Jina la kwanza lingekuwa la yule wa siku mbili na langu lingefuata nyuma kama shahidi wa harusi.

Kwa hasira nikaenda kutafuta nani mwingine ameumizwa na seva za namna hii, nikakuta kisa kilichonifariji vibaya. Hao hao GIMPS: tarehe 17 Septemba 2015 kompyuta moja ilituma jibu kwamba 2 kwa kipeo cha 74,207,281 kutoa 1 ni tasa. Namba ya tarakimu 22,338,618, kubwa kuliko zote wakati huo. Seva ikaliandika. Taarifa iliyopaswa kuwafikia binadamu haikuwafikia. Jibu likakaa humo mpaka tarehe 7 Januari 2016, mtu akafanya usafi wa kawaida wa data akalikuta. Na tarehe inayohesabiwa ya ugunduzi ni hiyo ya Januari, siku jicho la mtu lilipoliona. Hata 2009 liliwahi kutokea la namna hiyo. Nikasema basi, kama namba tasa kubwa kuliko zote inaweza kulala kwenye seva zaidi ya miezi mitatu, mstari wangu mimi ni nani? Nilitaka kuandika maoni haya usiku ule ule, bila nyota hata moja.

Ningeishia hapo nisingekuwa naandika hivi leo. Ila nina kiburi. Nikasema ngoja nipime hiyo RAM, nipige picha ya matokeo safi, nimtumie yule bwana, na mimi nisiweke salamu.

Nikaiwasha programu ya kupima usiku, nikaenda kulala. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari miekundu kutoka juu mpaka chini.

Nikakaa kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma, baada ya kutazama video moja, niliipandisha RAM spidi kupita ile iliyowekewa. Kompyuta ikawaka vizuri, nikasahau. Kwa kazi za kawaida huoni kitu, biti moja, ile 0 au 1 ya ndani ya mashine, ikigeuka kwenye picha nani atajua? Lakini kwenye mamilioni ya hatua ambapo kila moja inakula jibu la mwenzake, biti moja ikigeuka, kila kinachofuata ni takataka mpaka mwisho. Na joto la mchana ndilo lililokuwa likizigeuza. Ndiyo ule mchezo wa usiku kupanda na jua kushuka.

Basi nikaufungua huo mwongozo, na ndani yake, kweli, imeandikwa. Programu inatumia ukaguzi uliobuniwa na Robert Gerbicz: kila baada ya hatua kadhaa inajihakiki kwa njia ya pembeni isiyokula muda mwingi, na ikikuta hesabu hazikubaliani inatupa kila kitu mpaka sehemu ya mwisho iliyothibitishwa, inaanzia hapo. Kwa hiyo 68.9 niliyoitukana ndiyo iliyokuwa kweli. 71.4 niliyoipenda, niliyoipigia picha nikaituma kama ushahidi, ndiyo iliyokuwa uongo. Bila ukaguzi huo mstari wangu ungepanda kwa raha mpaka 100, ningefurahi, na ningekabidhi jibu bovu. Labda siku moja ningeipita namba tasa halisi nikaiandika "si tasa", na asingejua mtu mpaka mwingine aipime upya na mabaki yakatofautiana.

Nikalitafuta jibu langu la uhakiki. Kila jibu huambatana na kipande cha baki la mwisho, herufi na tarakimu 16. Langu na la yule wa siku mbili. Nikayalinganisha moja moja kwa kidole kwenye skrini. Sawa. Sawa. Sawa. Zote 16. Mashine yangu mbovu, yenye RAM inayolewa mchana, ikiangushwa na kuinuliwa sijui mara ngapi, ilifika palepale na mashine ya mtu nisiyemjua, baada ya mamilioni ya hatua, bila kukosea hata herufi. Sijui nielezeje. Nilicheka peke yangu. Kwa dakika hiyo ningewapa nyota tano na za ziada.

Halafu nikaukumbuka ukurasa. Hivi kama programu inajua imekosea, na inajua imerudi nyuma, kuna ugumu gani kuandika chini ya ile asilimia maneno matatu, "kosa limegunduliwa, tumerudi"? Ningeenda kuipima RAM siku ya kwanza, nisingepoteza namba yangu wala usingizi. Ukurasa unakuonyesha tarakimu iliyoripotiwa mara ya mwisho na basi, panda au shuka ni shauri yako. Na yule bwana, sawa, alikuwa sahihi, kila neno. Daktari akikuambia ugonjwa wako kwa kukurushia cheti usoni, ugonjwa ni wa kweli, na cheti kimekupiga. Neno "pole" lina herufi nne.

RAM nimeirudisha spidi yake ya kawaida na feni nimeisafisha. Wasimamizi nimewaandikia tena kuwashauri kuhusu hayo maneno matatu. Nilianza na salamu, kwa makusudi. Hawajajibu.

Nyota tatu basi. Nne kwa programu, mbili kwa ukurasa, kwa yule bwana msinilazimishe kutaja. Ukitaka kujiunga, jiunge, lakini pima RAM yako kwanza, usisubiri kuambiwa kama nilivyoambiwa mimi. Nimeshapewa namba nyingine, na ninapoandika hapa mstari uko 44.0. Ulikuwa 44.0 pia saa nne asubuhi. Ngoja nikaangalie.