Kutembezwa Mji Mkongwe kwa habari ya jeshi la Sultani (nyota 4 kati ya 5)

Jamani kama mnaenda Unguja na mshachoka kuonyeshwa milango na viungo, tafuteni hii. Mi nimetoka Dar na boti ya asubuhi nikijua ntapigiwa stori ile ile ya vita fupi kuliko zote, ya Mwingereza na Zanzibar 1896, dakika 38, mnacheka, mnapiga picha, kwaherini. Mzee aliyetupokea Forodhani (sio papasi wale wa kuwaganda wageni, anakaa zake kimya na kofia yake) hakuanzia huko kabisa, kaanzia 1877.

Yani kabla ya hapo Barghash, Sultani wa Zanzibar enzi hizo, alikua anategemea askari wa Kiarabu na Wabulushi (watu wa Baluchistan), kila kundi na mkubwa wake. Akataka jeshi la kisasa, akapewa luteni wa jeshi la maji la Uingereza, Lloyd Mathews, awafunze. Waarabu gwaride hawalitaki, basi akachukua Waafrika, na kufika 1880 walishakua kama 1,300 na yunifomu zao, Waingereza wakaongezea bunduki 500 za Snider. Hapo mzee akasimama katikati ya njia akatupigia gwaride na bakora yake, bodaboda inapiga honi nyuma haimhusu 😂

1885 Mjerumani kaanza kusainisha machifu mikataba bara, Mathews akatumwa na askari mpaka Kilimanjaro na machifu wa kule wakakubali bendera ya Sultani, ila Agosti manowari za Kijerumani zikaja kuelekeza mizinga kwenye jumba la Sultani, Barghash akanywea. Snider utaifanyia nini manowari?

Sasa pale mbele ya Makumbusho ya Kasri ndo hela yangu ilirudi. Mzee katuuliza, "Hebu nambieni wanangu, Agosti 27 1896, hilo jeshi lilikua wapi?" Wote tukajibu ndani ya kasri, na Khalid, yule aliyejitangaza Sultani bila ridhaa ya Mwingereza. Akatikisa kichwa. Askari kama 900 wa jeshi hilo hilo walikua nje, upande wa Mwingereza, chini ya afisa wa Kiingereza, Raikes, na Mathews mwenyewe alishakua waziri wa kwanza wa serikali! Ndani kulikua na walinzi wa kasri, watumishi, watumwa na raia wengi tu waliokamatishwa silaha. Saa 3 na dakika 2 asubuhi mizinga ikaanza, watu kama 500 wakafa au kujeruhiwa, Khalid kakimbilia kwa konseli wa Kijerumani. Nimesoma historia mpaka form six hiyo ya askari 900 sikuwahi kuambiwa. Mzee kasema tu, "Nani kamfunza askari? Basi huyo ndo wa kumtii."

Halafu kuna Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa siku ile, milingoti yake ilibaki inachungulia majini pale bandarini mpaka 1912. Kila mtu akageuka kuangalia bahari kama bado ipo.

Nyota moja nimekata kwa sababu ni masaa mawili na nusu juani bila hata kituo cha maji, na mzee hana chenji kabisa. Beit al-Ajaib (lile Jumba la Maajabu) mtaiona kwa nje tu, si ilianguka upande Desemba 2020. Nendeni saa 10 jioni, akimaliza mnakula urojo hapo hapo, na noti ndogo ndogo mbebe.