Uzoefu wangu: kupanda milima ya Usambara kutoka nyumba ya mapumziko Lushoto

Nyumba niliyopanga iko kijijini, nje kidogo ya mji wa Lushoto mkoani Tanga, na nilichoipendea zaidi ni kwamba njia ya mlimani inaanzia mlangoni, hivyo ukishafika huhitaji gari wala bodaboda. Kufika kwenyewe ni kwa basi hadi Mombo, kisha barabara ya kona nyingi inayopandisha kupitia Soni.

Mwenye nyumba alinitafutia kijana wa Kisambaa wa kuniongoza, na kwa huduma hiyo sikuona uchungu wa kulipa. Njia za huku hukatiza mashamba ya kabichi, karoti na viazi, tena hugawanyika kila baada ya hatua chache, kiasi kwamba mgeni hawezi kujua ipi inaelekea msituni na ipi inaishia uani kwa watu. Kijana yule alimwamkia kila mzee tuliyekutana naye, akaeleza tunakokwenda, nasi tukapitishwa hata pembezoni mwa mashamba kwa moyo mkunjufu.

Kwenda Irente, ukingo wa mlima ambako watu hutazama mandhari ya chini, kijana huyo alinizuia kuondoka alfajiri, kwa kuwa wakati wa kipupwe ukungu huufunika asubuhi. Alisema kweli. Tulipofika ukungu ulikuwa umeondoka, na pale mwamba unapokatika ghafla nilikiona kijiji cha Mazinde chini kabisa, mashamba ya mkonge, na nyika inayoendelea hadi macho yanaposhindwa. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, hivyo kiingilio hulipwa kabla ya kuingia. Humo mna miti mikubwa ya mkulo, kivuli kizito, na mbega wanaoruka juu kwa juu. Kwangu msitu huo unastahili siku nzima, ingawa wageni wengi huupitia kwa haraka.

Upungufu wa nyumba ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti blanketi moja halitoshi, kuni tulizopewa zilikuwa mbichi, na viatu vilivyolowa msituni havikuwa na mahali pa kukaukia. Ningemwomba mwenye nyumba aweke kuni kavu na kibanda cha kuanikia.

Kwa mwenye maumivu ya magoti, Irente panafaa kwenda na kurudi. Njia ya kuteremka hadi Mazinde aiache, kwani mteremko ni mkali na kokoto huteleza.