Makumbusho ya Maji Maji, Songea: nendeni, ila msiende mbiombio

Kama uko Songea, au unapita tu kwenda Mbinga, Makumbusho ya Maji Maji, ya ile vita ya watu wa kusini dhidi ya wakoloni wa Kijerumani, yasikupite. Bodaboda wanapajua.

Ushauri wangu, anzia makaburini, ndani utaingia baadaye. Kuna kaburi la halaiki la mashujaa 66 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na kaburi la peke yake la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, aliyenyongwa siku chache baada yao. Ndiye mwenye jina la mji. Kichwa chake inasemekana kilipelekwa Ujerumani, na ndugu zake mpaka leo wanakidai. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapahapa Novemba 2023 kuomba radhi. Siku niliyokwenda, bibi mmoja alikuwa anatafuta watu wa ukoo wake kwenye majina ya walionyongwa. Miwani kaisahau nyumbani, basi mjukuu akawa anamsomea. Kila likitajwa jina la Gama, bibi anamwambia, "Rudia hilo."

Ndani kuna mikuki, ngao, na ile picha ya wafungwa wenye minyororo shingoni. Mkienda na watoto, waandaeni kwanza.

Kilichonishika zaidi, lakini, ni upande wa kilimo. Shuleni tulikariri Kinjikitile, yule mganga, na maji yake ya kuzuia risasi mpaka basi. Kumbe vita yenyewe ilianzia shambani: Julai 1905, kule Nandete, Kilwa, Wamatumbi waling'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kulima. Na ikazimwa kwa njia ya shambani vilevile, maana Wajerumani walichoma mazao na vyakula vilivyohifadhiwa, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Ukishaelezwa hivyo, jembe la kufuliwa na jiwe la kusagia unavitazama kwa jicho lingine. Mimi nilirudi kuviangalia tena kabla ya kutoka.

Mwongozaji mchukueni, msijifanye mnajua. Mwishoni mwa Februari kuna maadhimisho, na ngoma ya lizombe ya Wangoni inachezwa haswa, ila tafuteni gesti mapema.

Mkiwa na siku ya ziada, nendeni Mbinga mkaone ngoro za Wamatengo: vishimo vilivyopangwa mlima mzima, nyasi zimefukiwa kwenye kingo, maharage na mahindi juu yake, na mvua haibebi udongo. Lami ipo mpaka Mbinga mjini. Huko vilimani vaeni viatu vya kushika.